Smetana, Kiziwi Aliyesimulia Maisha Yake kwa Nyuzi Kumi na Sita

Mpenzi msomaji, kabla hujaniuliza mwanachama wa Chama cha Kiswahili amezitoa wapi habari za Mzungu aliyefariki mwaka wa 1884 huko Prague, hebu nikueleze kisa kilivyoanza. Kilianza na spika.

Mvua ilikuwa imetunyima michezo siku hiyo, na sisi tusiopenda kufika nyumbani mapema tukajazana katika chumba cha muziki. Mwalimu akatuwekea rekodi ya watu wanne. Wawili walipiga fidla, wa tatu viola, ambayo ni fidla iliyonenepa kidogo na yenye sauti nzito, na wa nne alikuwa na chelo, lile dude kubwa linalosimamishwa katikati ya magoti. Kila ala ina nyuzi nne, jumla nyuzi kumi na sita, sawa na umri wangu. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji, hakuna hata yule mtu wa kupunga kijiti mbele. Kikundi cha aina hii huitwa kwateti, na muziki unaotungiwa kikundi hicho nao huitwa vivyo hivyo.

Nitasema ukweli. Sehemu tatu za kwanza zilinipita hivi hivi kwa kuwa nilikuwa nikinong'onezana na jirani yangu. Sehemu ya nne ndiyo iliyotuamsha. Ilikuwa na furaha kama arusi, tukaanza kugonga madawati kwa vidole. Ghafla bin vuu, muziki ukakatika. Kimya. Kisha chini kabisa kukasikika mtetemeko, na juu yake sauti moja nyembamba, kali, isiyosogea, kama birika linalopiga mbinja katika nyumba ya jirani. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza akainuka mbio kwenda kuutikisa waya wa spika. Tukacheka hadi mbavu zikauma.

Mwalimu hakucheka. Alitueleza kwamba spika ilikuwa nzima, na kwamba sauti ile iliandikwa na mtunzi mwenyewe makusudi, kwa maana ni kama ile iliyomvamia masikioni kabla hajawa kiziwi. Kisha akafunga chumba, saa zilikuwa zimeyoyoma. Nilienda nyumbani na neno hilo kifuani, nami sikutulia hadi nilipoyasoma maisha ya bwana huyo.

Bedřich Smetana alizaliwa tarehe 2 Machi 1824 katika mji wa Litomyšl, nchini Bohemia, ambayo sasa ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Zama hizo Wacheki hawakuwa na dola yao. Walitawaliwa kutoka Vienna na wafalme wa Austria. Babake, František, alikuwa mtengenezaji wa bia katika kasri la kabaila mmoja, na mfukoni hakuwa mtupu. Alikuwa amepata mabinti kadhaa, lakini Bedřich ndiye mwana wa kwanza wa kiume aliyepona utotoni. Mzee huyo alipenda fidla kupindukia, na akitoka kazini aliketi na wenzake wakapiga kwateti pale pale nyumbani. Kwa hivyo mtoto alizisikia nyuzi kumi na sita tangu akitambaa. Alipokuwa na umri wa miaka sita, mwezi wa Oktoba 1830, alipiga piano mbele ya umati wa watu mjini kwao, nao wakastaajabu.

Sasa sikiliza jambo litakalokugusa wewe mwanachama. Kijana huyu alibatizwa kwa jina la Kijerumani, Friedrich. Shuleni, ofisini na mahakamani lugha ilikuwa Kijerumani. Babake alikijua Kicheki lakini hakukitumia sana, eti biashara na heshima ya mtu vilienda na Kijerumani. Matokeo ni kwamba watoto walikua bila kukijua Kicheki sanifu. Mimi nilisoma shule ya msingi ambapo aliyeponyokwa na neno la lugha ya mama alivishwa kipande cha mbao shingoni hadi ampate mkosaji mwingine wa kumvisha. Niliposoma habari hizi za Smetana nilijipapasa shingo.

Mwaka wa 1839 alipelekwa shule ya sekondari huko Prague. Mwalimu mkuu wake alikuwa Josef Jungmann, na huyu si mtu mdogo: ndiye aliyetunga kamusi kubwa ya Kicheki na Kijerumani yenye majuzuu matano. Ungedhani Bedřich angekaa miguuni pake akinywa lugha. Wapi! Wenzake walimcheka kwa tabia zake za kishamba, naye akaanza kuhepa. Badala ya kuingia darasani alizunguka mjini akisikiliza bendi za wanajeshi na michezo ya opera, ambayo ni tamthilia inayoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Tena alijiunga na kikundi cha kwateti akawa anakitungia vipande rahisi. Mwaka wa 1840 Franz Liszt, mpiga piano aliyevuma Ulaya nzima, alikuja Prague. Bedřich alimsikia, na kuanzia hapo vitabu vya shule vikawa adui. Babake alipopata habari alimtoa Prague, halafu akampeleka Plzeň kwa binamu aliyekuwa mwalimu. Huko alimaliza masomo yake, ingawa alama hazikuwa za kujivunia. (Wenzangu wa kidato cha tatu, msiwaonyeshe wazazi aya hii.)

Huko Plzeň ndiko alikompenda Kateřina Kolářová, msichana mpiga piano. Walipokutana tena Prague hawakuachana. Wakati huo biashara ya mzee ilikuwa imedorora, kwa hivyo kijana alijitafutia riziki kwa kuwafundisha piano watoto wa kabaila mmoja huku naye akifundishwa utunzi. Mwaka wa 1848 watu wa Prague waliinuka kudai haki zao kwa watawala wa Austria wakaweka vizuizi barabarani, naye akawa upande wa waandamanaji, akatunga na nyimbo za kuwatia moyo. Mwaka huo huo alimwandikia Liszt akiomba mkopo wa kufungua shule ya muziki. Liszt hakutoa pesa. Alizisifu kazi alizotumiwa na akasaidia zichapishwe, basi. Shule ilifunguliwa vivyo hivyo, na mwaka uliofuata Bedřich akamwoa Kateřina.

Walijaliwa mabinti wanne. Hapa, msomaji, kalamu yangu inakuwa nzito. Gabriela alifariki mwaka wa 1854 kwa kifua kikuu, hajafika hata umri wa kwenda chekechea. Mwaka wa 1855, mwezi wa Septemba, akafa Bedřiška, mkubwa wao, mtoto wa miaka minne na nusu ambaye tayari alikuwa ameonyesha kipawa cha muziki na aliyekuwa mboni ya jicho la babake. Wiki chache baadaye alizaliwa msichana mwingine, wakampa jina la mamake, Kateřina. Huyo naye hakumaliza mwaka. Katika miaka miwili nyumba ya watoto wanne ikabaki na mmoja tu, Žofie. Na si hayo tu, mama mwenyewe alianza kukohoa.

Smetana alimlilia Bedřiška kwa muziki wa piano, fidla na chelo aliouandika mwaka ule ule wa 1855. Ulipopigwa Prague wahakiki waliupokea kwa ubaridi. Nashangaa mtu anakaaje kitako, kalamu mkononi, kukosoa kilio cha baba. Liszt, alipousikia mwaka uliofuata, aliusifu. Nadhani sifa hizo zilimrudishia pumzi.

Prague ikamchosha. Mwaka wa 1856 alihamia Gothenburg, Uswidi, akafundisha, akaongoza waimbaji, na akapata fedha kuliko alizopata kwao. Lakini baridi ya kaskazini haikuwa rafiki wa mapafu ya Kateřina. Mwezi wa Aprili 1859 walifunga safari ya kurudi nyumbani, naye akakata roho njiani, mjini Dresden, bila kuiona tena Bohemia. Mwaka uliofuata Smetana alimwoa Bettina Ferdinandová, wakapata mabinti wawili, ingawa inasemekana ndoa hiyo haikuwa na utamu wa ile ya kwanza.

Alirudi Prague mwaka wa 1861 kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka. Watawala walikuwa wamelegeza kamba, na Wacheki walitaka jumba lao la kuonyeshea tamthilia na opera kwa lugha yao. Hapo ndipo bwana wetu alipobanwa. Angetungaje opera ya Kicheki na Kicheki chenyewe kinampiga chenga? Alikuwa na umri wa miaka 36 hivi alipoanza kujifunza kukiandika sawasawa. Barua zake za kwanza zilijaa makosa ya sarufi, naye aliwaomba radhi aliowaandikia. Shajara yake, aliyokuwa akiiandika kwa Kijerumani miaka yote, akaigeuza kuwa ya Kicheki. Sijui wenzangu mnaonaje, lakini kwangu mimi hili ni jambo la ushujaa kuliko kuweka vizuizi barabarani. Mtu mzima, mwalimu mwenye jina, anakubali kuchekwa kama mtoto wa darasa la kwanza ili aipate lugha ya kwao.

Na aliipata. Opera yake ya kwanza ilionyeshwa Januari 1866, na ya pili, Bibi Arusi Aliyeuzwa, tarehe 30 Mei mwaka huo huo. Hiyo ya pili ni kichekesho cha kijijini. Usiku wa kwanza haikujaza watu, lakini baadaye ilipendwa hivi kwamba kufikia 1882 ilikuwa imeonyeshwa mara mia moja. Mwaka wa 1866 vilevile alifanywa kiongozi mkuu wa okestra ya jumba hilo (si kondakta wa matatu, jamani, ni yule wa kijiti). Miongoni mwa wapiga viola waliokaa mbele yake alikuwemo kijana mmoja mnyamavu, mwana wa mchinjaji nyama, jina lake Antonín Dvořák. Likumbuke jina hilo, nitalirudia.

Cheo huleta maadui. Walimtuhumu kwamba anaiga muziki wa Mjerumani Wagner, na mwaka wa 1872 wakaandika ombi la kutaka aondolewe. Hakuondolewa. Kilichomwondoa hakikuhitaji sahihi za watu.

Katika kiangazi cha mwaka wa 1874 aliugua koo. Kisha sikio likaziba, halafu sauti zikaanza: mvumo, kelele, na mbinja za juu sana ambazo hakuna mwingine aliyezisikia. Kufikia tarehe 20 Oktoba masikio yote mawili yalikuwa yamekufa ganzi. Alikuwa na umri wa miaka 50. Marafiki na wanafunzi wake wa zamani walimchangia fedha kwa kuandaa tamasha, akaenda kwa mabingwa wa masikio huko Würzburg na Vienna mwaka wa 1875. Hawakuweza kitu. Ila msikosee mkadhani kiziwi huyu alipata kimya. Kimya kingekuwa nafuu. Kichwani mwake mlikuwa na ghasia mchana na usiku, na alipojaribu kutunga ndipo ilipozidi, hata ikambidi afanye kazi kwa vipindi vifupi vifupi.

Kwa vipindi hivyo vifupi aliandika Vltava, muziki wa okestra unaoufuata mto wa nchi yao tangu chemchemi mbili hadi unapopita Prague kwa madaha. Aliuanza mwezi mmoja tu baada ya kuziba masikio, Novemba 1874, na akaumaliza kwa muda usiozidi wiki tatu. Mimi nikiumwa na jino siwezi kumaliza zoezi la hesabu.

Jumba la opera lilikubali kumlipa gulden 1,200 kwa mwaka ili liendelee kuzionyesha opera zake. Fedha hizo hazikutosha kuishi Prague. Mwaka wa 1876 akahamia kijiji cha Jabkenice kwa Žofie, yule binti mmoja aliyebaki, ambaye sasa alikuwa ameolewa na bwana misitu. Katika nyumba hiyo ya msituni, kati ya Oktoba na Desemba 1876, aliandika ile kwateti ya chumba chetu cha muziki. Aliipa jina Kutoka Maisha Yangu.

Kwa nini watu wanne na si okestra nzima? Mwenyewe alieleza kwamba hawa ni marafiki wanne wanaozungumza kwa faragha kuhusu yaliyomkera moyoni. Siri ya mtu haitangazwi kwa tarumbeta. Na tukumbuke kwamba muziki wa watu wanne ndio uliokuwa wa sebuleni kwa babake, na ndio aliohepea shule.

Baada ya kusoma haya nilimwomba mwalimu anirudishie rekodi, nikaisikiliza kwa adabu. Inaanza kwa kishindo kimoja, kisha viola inajitokeza peke yake na wimbo wake wenye wasiwasi, wenzake wakinung'unika chini. Hiyo ni ujana wake, mapenzi yake ya sanaa, na onyo la balaa lililokuwa likimsubiri. Sehemu ya pili ni polka, ngoma ya kwao ya kurukaruka, kwa maana ujanani Bedřich alikuwa mchezaji hodari na aliwatungia wenzake ngoma nyingi. Ya tatu inafunguliwa na chelo, pole pole, na hiyo ni Kateřina. Nilipokuwa nikinong'onezana siku ile ya mvua, kumbe mtu alikuwa akimkumbuka mkewe aliyemfia safarini. Ya nne ni furaha ya mtu aliyegundua jinsi ya kutumia muziki wa watu wake, na mambo yanamwendea vyema, mbio, mbio, hadi pale.

Pale fidla ya kwanza inaishika noti moja ya juu mno, E, na kuivuta. Haibembelezi, hailii. Inakaa tu. Ndivyo ilivyokaa kichwani mwake. Baada yake wimbo wa viola wa mwanzoni unarudi kidogo, kama mtu anayegeuka kutazama nyumba aliyoihama, halafu sauti zinafifia moja moja. Hakuna kishindo cha kumalizia. Mara ya kwanza nilidhani rekodi imekatika.

Wapigaji wa Prague walioletewa kazi hii mwanzoni waliikataa, eti ni ngumu mno na imeacha desturi ya kwateti. Ikapigwa kwanza faraghani mwaka wa 1878, nyumbani kwa rafiki. Aliyeishika viola siku hiyo, aliyeupiga ule wimbo wa kwanza wa maisha ya Smetana, alikuwa Dvořák, yule yule mpiga viola mnyamavu ambaye sasa naye alikuwa ameanza kuwa mtunzi wa sifa. Watu wote waliisikia hadharani tarehe 29 Machi 1879. Mtu mmoja tu ambaye asingeweza kuisikia, popote ipigwapo, ni mwenyewe. Aliijua kwa macho, juu ya karatasi.

Alitunga mengine mengi huko msituni, opera tatu pamoja na kwateti ya pili. Wacheki wakati huo walikuwa wakichangishana fedha kujenga Jumba la Taifa la maonyesho, harambee hasa, tajiri kwa maskini. Lilipofunguliwa tarehe 11 Juni 1881 opera iliyochaguliwa ilikuwa yake, Libuše. Alikuwepo, akaona mikono ikipiga makofi. Miezi miwili baadaye jumba likateketea kwa moto. Watu wakachanga tena, na mwaka wa 1883 likafunguliwa upya kwa opera ile ile.

Akili yake ilikuwa imeanza kumwacha. Alisahau majina, akapoteza usemi, akaona vitu visivyokuwepo. Mpaka leo wataalamu wanabishana ni ugonjwa gani hasa uliomla. Mwezi wa Aprili 1884 familia haikuweza tena kumtunza, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Prague. Huko ndiko alikofia tarehe 12 Mei 1884, akazikwa katika makaburi ya Vyšehrad, juu ya kilima kinachoutazama mto Vltava. Tamasha kubwa la muziki la Prague hufunguliwa kila mwaka tarehe hiyo ya kifo chake, kwa mkusanyiko wa kazi zake sita kuhusu nchi yake, Vltava ikiwa ya pili.

Mwalimu amekubali kutuwekea ile kwateti tena Alhamisi ya kwanza ya muhula ujao, baada ya michezo. Njooni mapema, viti ni vichache. Na itakapofika ile sauti nyembamba, yule ndugu yetu wa kidato cha kwanza tafadhali auache waya wa spika mahali pake.